Kuku wa Kizungu kwa Wakwe wa Kwala

Mwishehe bin Kondo aliwapikia Wazungu wa Dar es Salaam kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote aliunguza nyama mara mbili tu, na mara zote mbili kosa lilikuwa la kuni. Hivyo ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Bwana wake wa mwisho, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya kuchora ramani, alipokwenda kwao likizo ya miezi sita, alimwachia barua ya sifa, kofia nyeupe ndefu, na ahadi ya kumwita tena atakaporudi. Mwishehe akapanda gari moshi mpaka Pugu, akakipanda kilima kwa miguu, akaingia nyumbani kwake Kisarawe na kofia ile kichwani. Huo ulikuwa mwaka wa thelathini na sita.

Mkewe Biasha alimpokea vizuri. Alimtafuta jirani wa kumchinjia kuku, akamuunga kwa nazi, tui la kwanza na la pili, na ndimu juu yake, akampakulia na wali. Mwishehe akala vipande vitatu, akajilamba vidole, akanawa, kisha akasema kwamba chakula kile hakina mpango.

"Mpango gani, Baba Tatu?" Biasha akauliza.

"Vyote vimekuja pamoja. Mzungu huanza na supu. Supu ikiondoka, anakuja samaki. Samaki akiondoka, ndipo inapokuja nyama. Na nyama haiogelei. Nyama inakaa kwenye sahani yake, mchuzi unakaa kwenye bakuli lake, vinakutana mezani."

"Kwani tumbo la Mzungu lina vyumba?"

Mwishehe aliona huruma tu kwa mwanamke aliyeishi miaka yote ile bila kufundishwa.

Tangu siku ile akalitwaa jiko. Alipiga marufuku nazi. Kambale aliyeletwa kutoka bondeni alimchemsha kwa maji na chumvi kidogo, akamfunika kwa mchuzi mweupe wa unga na maziwa. Maziwa, kwa kweli, hayakupatikana Kisarawe wiki ile, kwa hiyo alitumia tui, lakini aliliita maziwa, na yeyote aliyeliita tui alisahihishwa. Binti yao Tatu, msichana mtaratibu, alikula kambale yule, akashukuru, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutafuna muhogo mbichi.

Mwezi wa pili wa likizo ile ikaja habari ya posa. Kijana mmoja wa Kwala, jina lake Maneno, alikuwa amemwona Tatu kwenye arusi huko Mlandizi, na sasa baba yake, mzee Matano, alituma salamu kwamba atakuja Jumapili pamoja na dada yake Mwanahalima na jamaa wawili wa ukoo, waje wazungumze.

"Kuku watatu wa nazi na wali," Biasha akasema. "Na vipande vya nguru niliyemkausha."

"Mimi ndiye nitakayepika," Mwishehe akasema. "Hawa ni watu wa porini, Mama Tatu. Hawajawahi kuona kuku wa kuoka, mzimamzima, amekaa katikati ya sahani. Wakimwona watajua binti huyu anatoka nyumba ya namna gani."

"Wanakuja kumtazama Tatu. Hawaji kumtazama kuku."

"Watamtazama Tatu baada ya kuku. Huo ndio mpango wenyewe."

Biasha akanyamaza. Mwishehe akauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali. Alikuwa mume wake kwa miaka ishirini, ila kumi na minne kati ya hiyo alikuwa Dar es Salaam, na mambo mengine humpita mtu.

Jumapili asubuhi akachinja jogoo. Alikuwa jogoo mkubwa mwenye miguu ya manjano, aliyeuamsha mtaa ule kwa mwaka wa nne sasa. Mwishehe akamfunga miguu kwa uzi, akayakunja mabawa yake mgongoni, akampaka samli, akamlaza ndani ya debe lenye makaa chini na makaa juu. Kisha akatoa saa yake ya mfukoni. Kuku wa mjini, waliolishwa kwenye banda na wasiotembea popote, walikuwa wakiiva kwa saa moja na robo. Akampa jogoo saa moja na robo, wala hakumwongeza hata dakika moja, maana yeye si mtu wa kubahatisha.

Wageni wakafika baada ya adhuhuri, miguu yao imejaa vumbi la njia ya kutoka Pugu. Mzee Matano alikuwa mfupi mwenye ndevu chache zilizochanwa vizuri. Tatu akatoka kuwapa shikamoo na maji ya kunawa, akaitikiwa, akarudi ndani. Mwanahalima naye akamfuata, akisema anakwenda kumsalimu mwenzake jikoni. Wanaume wakabaki barazani juu ya mkeka.

Mwishehe akatoka na kofia yake, akaleta supu. Wageni wakainywa, wakangoja wali. Mwishehe akachukua mabakuli matupu, akaondoka. Jamaa wawili wakatazamana. Akarudi na kambale chini ya mchuzi mweupe, kila mtu kipande kimoja. Wakala, wakangoja wali. Akachukua sahani, akaondoka tena. Jamaa mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba labda kuna msiba kwa jirani na chakula kimekwenda huko.

Ndipo akaja jogoo. Mwishehe alimbeba kwa mikono miwili, akamweka katikati ya mkeka, akarudi hatua moja nyuma kama alivyofanya miaka yote mezani kwa bwana. Jogoo alikuwa amelala chali, miguu juu, na viazi vitamu vimemzunguka. Alipendeza kweli.

Mzee Matano akamwinamia. Akamtazama huku na huku, akamgonga kidari kwa ukucha.

"Hukumjaza," akasema.

"Nini?"

"Tumboni. Kuku wa kuoka hujazwa. Mkate, kitunguu, na ini lake mwenyewe limekatwakatwa. Huyu yu mtupu kama ngoma."

Mwishehe akaishika kofia yake. "Mzee ameyajuaje mambo haya?"

"Nimempikia Mdachi, Mjerumani halisi, miaka minane," Matano akasema, akikaa sawasawa. "Yule mwenye shamba la mpira, kabla ya vita. Tulikuwa tukilaza nyama kwenye siki siku tatu. Siku tatu, bwana, ndipo inaingia motoni. Hiyo ndiyo nyama."

"Siki huua nyama," Mwishehe akasema. "Sisi hatutii siki. Sisi nyama yetu tunaiacha na ladha yake."

"Nyinyi nyama yenu mnaichemsha mpaka inaomba radhi. Nimesikia."

"Ndiyo maana mlishindwa vita."

Jamaa wawili wa ukoo wakageuza macho kutoka kwa mzee wa Kwala kwenda kwa mzee wa Kisarawe, wakitafuta Mdachi ni yupi na Mwingereza ni yupi.

Mwishehe akashika kisu ili amalize ubishi kwa vitendo. Kisu kikapita juu ya kidari bila kuingia. Akakandamiza. Jogoo akateleza kwenye samli yake, akatoka sahanini, akalalia ubavu juu ya mkeka.

"Mshike miguu," Matano akasema, na bila kungoja akamshika yeye. "Kata kwenye kiungo. Hapana, chini zaidi. Huku kwenu hawawafundishi?"

Paja likaachana na mwili kwa nguvu za watu wawili. Kwenye mfupa damu ilikuwa mbichi, nyekundu.

"Hajaiva," Matano akasema kwa upole, ambao ulimuuma Mwishehe kuliko matusi.

"Wakubwa ndivyo wanavyomtaka."

"Kuku?"

Mwishehe alijua kwamba wakubwa walitaka hivyo nyama ya ng'ombe, si kuku. Lakini alikwisha sema, na hakuwa na njia ya kurudi. Akaendelea kusema, na Matano akaendelea kumjibu, wakatoka kwenye kuku wakaingia kwenye bata, wakatoka kwenye bata wakafika kwenye namna ya kukunja vitambaa vya meza. Jamaa wawili walikuwa wameondoka zamani. Harufu ya nazi ilikuwa imezunguka pembe ya nyumba, nao waliifuata, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema anakwenda kutazama kisima.

Nyuma ya nyumba chungu kilikuwa mafigani tangu asubuhi. Biasha alikuwa amechinjiwa mitetea miwili na jirani yule yule. Mwanahalima alikuta tui la kwanza ndiyo kwanza linatiwa, akakaa chini, akashika mwiko, na kwa muda ambao wanaume walikuwa wakigombania siki, wale wanawake wawili walikwisha ulizana ukoo mpaka kwa bibi wa tatu, wakakubaliana mahari, wakaiweka arusi baada ya mavuno ya mpunga. Tatu aliulizwa kama anamtaka Maneno. Akasema anamtaka, ila ajue kwamba hatapika kambale wa maji.

Mwanahalima akabeba sinia la wali na kuku mpaka barazani, akaliweka kando ya jogoo. Akasimama akawasikiliza kidogo.

"Kaka," akasema, "huyo Mdachi wako alikuwa akikupa paja au kidari?"

Matano akavuta ndevu zake. "Mgongo," akasema. "Na shingo, kama kulikuwa na wageni wachache."

"Nawe, shemeji?"

Mwishehe akataka kusema kidari. Neno lilifika ulimini. Badala yake aliona ile meza ya jikoni kwa bwana, taa imepunguzwa, vyombo vimekwisha oshwa, na yeye amesimama akitafuna miguu ya kuku iliyopoa, mafuta yameganda meupe. Miaka kumi na minne hakuwahi kumla kuku wa kuoka akiwa wa moto. Alijua kwamba ni mtamu kwa sababu sahani zilirudi tupu.

"Miguu," akasema.

Wazee wale wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri hakuna aliyekuwa na la kubishia. Kisha wakanawa, wakala kuku wa nazi kwa mkono mpaka chini ya sinia kukaonekana.

"Tui lingepunguzwa kidogo," Mwishehe akasema.

"Na siki kidogo," Matano akaitikia.

Arusi ilikuwa nzuri. Wakwe wale wawili walitaka kusimamia mapishi ya ng'ombe, na wanawake wakawapa kazi ya kufukuza mbwa, ambayo waliifanya kwa amri nyingi. Mwisho wa mwaka bwana wa ramani akarudi, safari hii na mke, akamwita Mwishehe, naye akaenda akapika huko hadi mwaka wa hamsini na moja.

Lakini alikuwa na desturi mpya. Kila alipomtoa kuku motoni, kabla ya kuita watu mezani, aliketi kwenye kigoda, akajikatia kipande kinene cha kidari upande wa kushoto, akakila kikiwa cha moto, taratibu, na chumvi. Kisha alimgeuza kuku upande ule uelekee chini, akampeleka. Memsabu, yule mke wa bwana, alikuwa akiwaeleza wageni kwamba kuku wa Tanganyika wana upungufu wa kidari cha kushoto, kwa sababu ya joto, na mgeni mmoja, daktari wa mifugo, alisema naye amekwisha kuliona jambo hilo huko Morogoro, na kwamba linafaa kuandikwa.