Soya Mbichi ya Bi Raya

Bi Raya ni jirani yetu hapa Dunda. Miaka minane sasa anaishi kwa mayai ya kuku wake thelathini, na mnunuzi wake ni mmoja tu, Batul muoka keki. Siku moja Batul alikuja na trei nzima mkononi, anairudisha.

“Shikamoo, Bi Raya. Mayai yako yananuka dagaa. Wateja wananiuliza naoka keki au nakaanga samaki.”

“Marahaba. Kuku wanakula dagaa, ulitaka yanuke waridi?”

Walicheka, lakini trei ilibaki pale pale barazani. “Badilisha chakula, nitarudi,” Batul alisema. “Nisije nikaagiza ya Dar.”

Bi Raya akaacha dagaa, akanunua gunia la soya kutoka Kiwangwa. Nilishangaa kumwona anaisaga mbichi, maana mbaazi zake za nazi hazipandi jikoni mpaka zilowekwe usiku kucha.

“Soya ukiikaanga mafuta yote yanatoka, yanabaki makapi,” alinieleza. “Na kuku ana mawe kwenye firigisi, mwanangu. Atajisagia.”

Niliona ana akili kweli. Hata daftarini niliandika.

Wiki ya pili kuku wakaanza kuharisha. Ya tatu wakanyonyoka manyoya, mayai yakawa mawili, matatu kwa siku. Bi Raya akadhani soya haiwatoshi, akawaongezea.

Ndipo nikamuuliza mwalimu wetu wa biolojia. Akasema soya mbichi inazuia tumbo la kuku lisimeng’enye protini; lazima ikaangwe kwanza. Nilirudi mbio. Bi Raya alikuwa anasugua sufuria ya mbaazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia majini.

“Watu nawapikia,” alisema.

Siku hiyo hiyo akaanza kukaanga. Kuharisha kulikoma, ila kuku wenyewe walikuwa wa siku nyingi, na baada ya kunyonyoka vile hawakutaga tena. Batul alishaagiza ya Dar.

“Hayanuki hayo?” Bi Raya alimuuliza alipopita barazani.

“Hayanuki, shangazi. Ladha pia hayana, lakini yanafika kila siku.”

Jumamosi alikuja mchoma kuku wa Ubena kuwachukua wote. Bi Raya aliwakamata mwenyewe, akawafunga miguu wawili wawili. Nilimuuliza kama ataleta vifaranga.

“Kifaranga mpaka atage ni miezi mitano, Mina. Mimi hiyo miezi mitano nile nini?”

Akafunga mlango wa banda, na ndani hamna kitu.