Bwana Aliyeuma Jiwe

Mwaka wa njaa, wa sima ya mahindi ya manjano ya msaada, mama alikuwa mjamzito, akitafuna jiwe la kijivu lililobanduka kama chapati na kunukia mvua ya kwanza. Kwetu Kinango jiwe lililiwa na wenye mimba tu.

Akaja bwana mmoja mpimaji wa miamba. Aligonga kilima kwa nyundo, akabandua kipande, akakiuma. Nikapiga kelele, “Mama, huyu bwana ana mimba!”

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Juzi mjukuu wangu, msomi wa miamba wa chuo kikuu, naye aliuma jiwe uani kwangu. Eti meno ndiyo yanayojua kama ni udongo mtupu au lina mchanga. Kumbe!

Siku ile, bwana yule akaona alama ya jani la kale kwenye jiwe la mama, alilolichimba bondeni na tumbo lake lile.

“Mama, nipe hilo nikalipime.”

“Chukua kilima kizima, bwana. Hili nalila mimi.”

Akamtolea sukari, pakiti nzima. Nikameza mate, nikamvuta mama leso. Mama akaliuma lile jani katikati, akatafuna polepole, akameza.

“Chukua kilima kizima, bwana. Hili nalila mimi.”