Kijembe cha Kukatia Madirisha

Siku moja ya mnada naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo wala hakuwahi kuninunia. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, naishi Nakwa kwa baba mdogo, na siku hiyo nilizunguka mji mzima wa Babati nikitafuta kisu kidogo. Imenijia leo asubuhi uliponipigia simu: "Mama Neema, shikamoo. Hivi hapa mjini vile visu vidogo vya kukatia vitu vidogo vidogo vinapatikana wapi?" Nilicheka peke yangu mpaka majirani wa hapa Singe wakachungulia. Najua unavitaka kwa ajili ya yale mabasi yako ya maboksi, yenye viti na usukani ndani. Nitakujibu, ila sitakujibu kwa kifupi, na ukipiga miayo nitajua.

Wakati ule kanisa letu lilitaka kujenga jengo jipya. Ramani aliichora Mzee Tluway, mchora ramani aliyekuwa na kiofisi karibu na soko. Tatizo, wazee wa kanisa walikuwa wakiigeuza ile karatasi juu chini, chini juu, kanisa hawalioni. Mimi nilikuwa nachungulia mlangoni, umbea tu. Mzee Tluway akaniita. "Binti, nitengenezee mfano wake kwa karatasi ngumu za manila, kila mtu auone. Madirisha uyakate, usiyachore. Ukiniletea Jumapili, na mfano ukasimama, Jumatatu unaanza kujifunza kazi kwangu."

Mwanangu, ile kazi nilikuwa naitamani mpaka naiota. Baba mdogo alishasema nisipopata shughuli mwezi huo narudi Mbulu kulima ngano na shangazi. Sina ugomvi na ngano, naila vizuri sana, lakini moyo wangu ulikuwa kwenye rula na penseli.

Basi nikaanza. Kuta nikazisimamisha kwa gundi ya uji mzito wa ngano, zikakaa. Balaa likawa madirisha. Yalikuwa ishirini na manne, kila moja dogo kuliko punje ya hindi. Kisu cha jikoni kikachana manila. Nikavunja wembe katikati, ukakata manila vizuri, na kidole changu vizuri zaidi. Nikafuta damu kwenye madhabahu yangu ya manila, nikakaa chini nikalia kama mtoto. Siku tatu zilikuwa zimebaki.

Asubuhi yake nikaenda mjini. Sasa sikia kosa langu la kwanza. Nyumbani sisi tulizungumza Kiiraqw, Kiswahili changu nilikipata darasani, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba kisu kidogo kinaitwa kijembe. Mimi nikalibeba neno hilo kwa fahari mpaka duka la vifaa vya ujenzi.

"Naomba kijembe."

Muuzaji akanitolea jembe dogo la kupalilia mchicha.

"Siyo hicho, kaka. Cha kukatia."

"Kukatia nini?"

"Kanisa."

Akalirudisha jembe lake taratibu, akaniangalia juu mpaka chini. "Dada, umekosana na padri?"

Duka zima likaangua kicheko. Nikatoka puani panafuka moshi, maana mimi hasira zangu zipo karibu, hilo unalijua. Nikaingia duka la madaftari. Mama muuzaji alinielewa haraka, akanionyesha kisu cha kukatia karatasi, lakini kilikuwa kipana na wembe wake unacheza. Akanihurumia. "Nenda stendi kwa Baba Elibariki, yule fundi viatu. Visu vyake anavitengeneza mwenyewe, vyembamba kabisa."

Mji mzima huu, na kisu kiwe kwa Baba Elibariki!

Mwezi mmoja nyuma nilimpelekea kandambili zangu za ngozi, akazishona, mshono ukaenda upande. Mzee wa watu alikuwa na jicho moja tu linaloona. Nilijua. Lakini palikuwa na vijana wamekaa kwenye benchi lake, nami nilipenda kuchekesha watu kwa maneno yangu. Nikainua kiatu juu nikasema, "Baba Elibariki, hili jicho lililobaki nalo lilikuwa limelala?" Walicheka wakashika mbavu. Nikaondoka nimejaa sifa.

Sasa nikasimama mbele ya benchi lile lile, na watu wamejaa kwa sababu ya mnada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kiatu kimefumuka tena?"

"Hapana, baba. Naomba kijembe."

Akaacha sindano yake. "Kijembe? Kile ulichonirushia mwezi uliopita bado ninacho, binti. Sijakitumia. Nikurudishie?"

Eh! Nilitamani ardhi ipasuke. Watu walicheka, safari hii wananicheka mimi, na jibu la kumrudishia nilikuwa nalo mdomoni tayari. Ningelitema, ningeondoka na kichwa juu, bila kisu, moja kwa moja mpaka Mbulu. Nikamtazama usoni. Alikuwa hacheki. Jicho lile linaloona lilikuwa limeloa. Nikasikia aibu ya kweli kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Nisamehe, baba," nikamwambia mbele ya wote. "Nilisema vile ili watu wacheke."

"Na walicheka," akasema. "Mke wangu alikuwa nyuma yako, ameniletea chakula. Yeye hakucheka. Mimi nimekusamehe, lakini yeye utamwomba mwenyewe. Kaa."

Nikakaa. Akatoa kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, akakinoa kwenye jiwe taratibu, mate kidogo, anakigeuza, mpaka kikawa na ncha ya kuingia tundu la kifungo. Mpini akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli usiteleze mkononi. Kisha akachukua kipande cha manila akanionyesha. "Usikandamize. Pitisha kidogo, pitisha tena, mara nne, mara tano, kitakata chenyewe. Ukikandamiza kinakukimbia, kinaingia pasipo pake."

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda kwa miguu hadi Sigino kwa Mama Elibariki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea ungo wa mahindi nipukuchue. Nikapukuchua mpaka vidole vikawaka moto, ndipo akasema, "Haya, yameisha. Kula kwanza." Akanipakulia makande, tukapiga soga kama shangazi na binti yake.

Madirisha nikayakata yote. Jumapili wazee wa kanisa waliinua paa wakachungulia ndani, mmoja akasema, "Kumbe mlango ni huu!" Mzee Tluway alipitisha njiti ya kiberiti kwenye kila dirisha, moja baada ya jingine. Akanirudishia kanisa langu akasema, "Kesho saa mbili. Usichelewe." Kazi ile nimeifanya mpaka nastaafu.

Kwa hiyo nakujibu, mwanangu. Duka la madaftari wana vya kukatia karatasi, hivyo ni vya mistari mirefu. Maduka ya dawa za mifugo wana vile viwembe vya daktari vya kupasulia, vikali mno, vitafutie mpini na uvihifadhi kwenye kopo. Ukikosa, nenda kwa fundi viatu yeyote pale stendi na kipande cha msumeno. Katia juu ya ubao, kidole kikae nyuma ya makali, na usikandamize.

Ila kabla hujafika kwa huyo fundi, jiulize mdomo wako ulipita hapo lini na uliacha nini. Ukikuta uliacha jeraha, omba msamaha kwanza, hata kama kisu hutapewa, hata kama benchi limejaa watu. Aliyeumia ana mtu wake nyumbani aliyeumia pamoja naye, mfuate na huyo.

Mungu akujalie macho mazima, mkono mwepesi na ulimi wenye huruma. Kila nyumba utakayoingia na kazi zako ndogo ndogo, wakukaribishe kwa furaha, na ukitoka wakuombee urudi.