Kalamu Nyekundu na Chaguo la Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini, Musoma, Mkuu wa Shule hakunipa chaki. Alinipa kauntabuku na kalamu ya risasi iliyokwisha nusu. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha Biashara kidato cha tano na cha sita, nimetoka nyumbani Kitaji kwa miguu, nimevaa gauni alilonishonea baba, fundi cherehani, na najiona mtu mkubwa.

"Biashara utafundisha," akaniambia, "lakini watoto watakuuliza kama watapata chuo. Humo ndimo utakamowajibia."

Niwaeleze ninyi mnaojaza kila kitu kwenye simu. Kila alama ilikuwa na pointi: A tano, B nne, C tatu, hivyo hivyo hadi chini. Ulijumlisha za masomo matatu ya tahasusi yako, yaani yale uliyoyabeba pamoja kidato cha tano na cha sita. Wetu walibeba uchumi, biashara na uhasibu. Kisha ulitazama kizingiti, ndiyo pointi za mtu wa mwisho aliyepokelewa mwaka uliopita. Shahada ya biashara ya chuo kikubwa ilikuwa na kizingiti cha juu kuliko zote, maana wengi waliitaka na nafasi zilikuwa chache. Mbele ya jina la mwanafunzi niliandika neno moja: Jaza, Nusunusu, au Acha.

"Kwa nini risasi, Mkuu? Wino si haufutiki?"

"Ndiyo maana. Wewe hujui, Mwalimu. Unakisia tu. Siku utakayosahau kwamba unakisia, hiyo kauntabuku unirudishie."

Nilimwona mzee mwenye maneno mengi.

Nilipohamishiwa Bunda, nikapanga chumba Nyasura, nilikuwa nimeshasahau. Makisio yangu yalitimia mwaka baada ya mwaka. Mkuu wa pale, mama mwenye haraka, alinisifu mbele ya walimu wote: "Huyu akisema acha, ujue ni acha!" Kichwa kikavimba. Nikanunua kalamu nyekundu, na sikumwomba mtu ruhusa.

Kalamu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Butiama, kituo changu cha mwisho, na ndiyo niliyomwandikia Nyangeta.

Nyangeta alikuwa binti wa mfugaji, mpole, mwandiko mdogo mdogo kama anaogopa kumaliza karatasi. Alitaka shahada ya biashara tangu kidato cha tano, na matokeo yalipotoka alipungukiwa na pointi moja kufika kizingiti. Alikuja ofisini amekumbatia karatasi yake.

"Weka ualimu chaguo la kwanza," nikamwambia. "Huko una uhakika. Biashara acha."

"Madam, na mwaka huu kizingiti kitakuwa kile kile?"

"Kizingiti hakishukagi, mwanangu."

"Sawa, Madam."

Hakubisha. Kwetu mtoto habishani na mwalimu, na mimi niliupenda sana ule utii. Biashara hata hakuijaza.

Majina yalipotoka, Nyangeta alikuwa amepata ualimu. Lakini kizingiti cha biashara kilikuwa kimeshuka, tena pointi mbili. Nikampigia mwenzangu wa Bunda. Walimu wa ushauri tulikuwa na desturi ya kupeana vizingiti kwa simu ili tusipishane.

"Mbona kimeshuka?" nikamuuliza.

"Waombaji wamekuwa wachache. Mimi wangu wote niliwaambia waache. Wewe je?"

Niliifungua kauntabuku nikazitazama zile Acha nyekundu. Tulikuwa tumewatisha watoto kwa kizingiti cha jana, na bila shaka walimu wa mikoa mingine walifanya vivyo hivyo, hadi nafasi zikabaki bila watu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

Nafasi hizo zilitangazwa awamu ya pili. Aliyetaka kuomba tena ilimbidi asithibitishe chuo alichopata kwanza, na asiyethibitisha kwa wakati aliipoteza nafasi yake. Kesho yake nilikwenda nyumbani kwa kina Nyangeta, nikawaeleza yote, nikamwomba radhi binti mbele ya baba yake.

"Ninyi walimu sisi tunawaaminiga tu," baba alisema. "Sasa tuache kilichopo mkononi kwa ajili ya hicho?"

Nyangeta akanigeukia. "Madam, nipigie hesabu. Nitapata?"

Neno Jaza lilikuwa mdomoni mwangu kabisa. Nilitamani kulisema ili nijisafishe. Nikalimeza.

"Sijui, mwanangu."

"Hujui?"

"Sijui. Pointi zako zinatosha kwa kizingiti cha awamu ya kwanza. Safari hii wataomba wangapi, hakuna anayejua. Ukikosa, umekosa na ualimu."

Alitazama chini, akamtazama baba yake. "Baba, wakinikataa wao nitavumilia. Nilishajikataa mwenyewe mara moja."

Mzee akapangusa uso kwa kiganja. "Jaza, mama," akamwambia binti yake.

Majuma ya kusubiri nilikonda. Swala sikukosa hata moja, na katika kila moja nilimtaja kwa jina. Alipata.

Leo nimestaafu, naishi Nyakato, na vijana wananifuata barazani na simu zao. Nawajumlishia pointi, nawaonyesha kizingiti, nawaambia ni cha mwaka jana, kisha nawauliza wanataka nini hasa. Nyangeta ana kazi yake nzuri mjini, na kila dirisha la maombi likifunguliwa hunipigia kunitania: "Madam, leo umeshamwambia mtu sijui?" Tunacheka mpaka machozi.

Nikikata simu huichukua ile kauntabuku. Yumo Nyangeta, na wamo wengine wengi wenye lile neno jekundu mbele ya majina yao, ambao walinitazama, wakasema "Sawa, Madam," wakaondoka. Nawasoma mmoja mmoja kwa sauti. Yeye najua alipofika. Hao wengine, wanangu, sijui.