Kamba ya Mwalimu

Kila Jumamosi mwalimu wa hesabu huja dukani kwa Nchagwa, mjini Mugumu, kuitazama baiskeli ileile ya umeme, ya bei nafuu kuliko zote. Huizunguka taratibu kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, huibonyeza tairi kwa vidole vyenye chaki, huipapasa betri, kisha hufumba macho. Nchagwa anajua kwamba wakati huo mwalimu yuko njiani kwenda shuleni, anapanda kilima bila jasho, na kipindi cha kwanza, anachokichelewa kila siku, bado hakijaanza.

“Shemeji, leo unaoa au bado unachumbia?” Nchagwa alimtania juzi.

“Zima umeme kwanza.”

“Nizime? Si ndio unaoununua?”

“Siku betri ikiisha, kilima kitakuwa palepale.”

Akapanda, akanyonga pedeli kwa nguvu zake mwenyewe hadi juu ya kilima cha nyuma ya soko. Alirudi shati limelowa, uso umetulia kama wa mtu aliyeamka akaikuta ndoto yake bado imesimama mlangoni. Safari hii hakuizunguka. Alitoa mfukoni kamba mpya, ile ambayo mwanaume huibeba mnadani siku anayokusudia kununua kweli, akaifunga kwenye usukani.