Siku Koko Alipofungua Kitenge

Mchele mpya wa Luvungi una harufu yake, ya vumbi la moto na maganda, na kila Jumamosi harufu hiyo ilifika kwetu Muhumba, mjini Bukavu, pamoja na sauti ya Papa. Tulikaa katika vyumba viwili nyuma ya villa, jumba la watu wenye mali. Wa villa hatukuwa. Papa alikuwa mchuuzi wa mchele. Alishuka bonde la Ruzizi Alhamisi, akarudi Jumamosi amekaa juu ya magunia kwenye lori, miguu ikining'inia, na mzaha wake ulikuwa uleule: "Maman Neema, leo sikukuletea muchele, nimekuletea bwana!" Mama alijifanya hasikii. Neema ndimi, na msimu huo wa mvua nilikuwa na miaka tisa.

Jumamosi moja hakurudi. Watu wenye silaha walikuwa wameingia katika soko moja la bondeni mchana kweupe, wakaua wachuuzi na wanunuzi bila kumwuliza mtu jina, wakachoma malori, wakaenda zao. Redio ikasema wauaji hawajulikani. Koko, mama yake Papa, alicheka cheko baya ambalo bado nalisikia. "Hawajulikane? Batu ya bonde walibaandikia bakubwa mara tatu!" Na kweli walikuwa wameandika kuomba ulinzi, na barua zote zilipokelewa na kugongwa muhuri. Hilo ndilo lililochoma mioyo ya watu Bukavu kuliko damu yenyewe. Kifo tumekizoea, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, lakini kufa wakati barua yako imelala mezani kwa mtu! Mji ulifunga maduka, matairi yakawaka barabarani, na hata masista wa shule yetu, waliozoea kutunyamazisha, walikaa kimya wanafunzi wakubwa walipowatukana viongozi.

Siku ya tatu maiti za wachuuzi wa mjini zililetwa kwenye uwanja mmoja mlimani, karibu na mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Yalikuwa majeneza kumi na moja yaliyofanana, yamepigwa misumari, kila moja na namba ya chaki. Majina hayakuandikwa. Majina yalikuwa ndani ya daftari la karani mmoja mwenye miwani, aliyekuja na wakubwa, na tuliambiwa atayasoma baada ya hotuba, familia moja baada ya nyingine, ili kila mtu amzike wake. Ndiyo protokole, utaratibu wa serikali. Mama hakutaka kingine duniani siku hiyo: aambiwe lipi ni la mumewe, aliwekee mkono. Alisimama mbele kabisa, amenishika kifundo cha mkono mpaka kikafa ganzi.

Wakubwa walichelewa kwa muda wa saa tatu. Walipofika walikaa chini ya hema, kwenye viti vya kitambaa cheupe, sisi tukiwa juani. Mmoja akaanza kusema kwamba serikali inalia pamoja nasi, kwamba wauaji watafuatwa mpaka mwisho, kwamba tuwe watulivu. Watulivu! Nyuma yetu mwanamume akapaza sauti: "Tukiwa bazima hamutujue, tukikufa munaleta viti!" Watu wakaitikia, kelele zikapanda, askari wakasogea. Ndipo Koko akatoka katikati ya wamama, mdogo, amepinda mgongo, akasimama mbele ya hema na kushika fundo la kitenge chake.

Kwetu mama mzee akivua nguo mbele ya mtu wa umri wa mwanawe, hiyo si aibu yake. Ni laana ya huyo anayemwangalia, na hakuna padri wala mganga atakayeiondoa. Wote waliokuwa chini ya hema walilijua hilo, licha ya suti zao. "Tumbo lilizaa mwanangu ni hili," akasema Koko. "Mutaliangalia leo!" Akafungua fundo. Wamama wengine wanne wakafungua yao. Mama yangu weee! Wakubwa walifunika macho kwa makaratasi ya hotuba, wakakimbilia magari wakigongana, mmoja akaacha kiatu matopeni. Uwanja mzima ulipiga vigelegele. Nami niliruka, nikapiga makofi, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa akiyakimbilia magari, viatu mkononi, akiita: "Daftari! Papa karani, utuachie daftari!" Karani alikuwa amekimbia na mabwana zake, na daftari liko kwapani. Wahenga walisema hasira hasara, na sijaona hasara ya haraka kama ile. Tuliwasihi askari wafungue majeneza tumtafute mtu wetu. Walikataa, amri ya kung'oa misumari, walisema, iko kwa wakubwa. Na wakubwa tulikuwa tumewafukuza. Mvua ikashuka, chaki ikachuruzika, maiti hazikuweza kungoja zaidi, na padri akabariki mashimo kumi na moja yasiyo na majina kwa sala moja.

Kwa miezi mingi Mama alizunguka ofisi za serikali za Ibanda. Karani alikuwa amehamishwa, daftari lilikuwa limepelekwa Kinshasa, na kila mara aliambiwa, "Maman, urudi wiki ijayo." Koko alikufa mwaka uliofuata akiamini amewaadhibu. Mkubwa yule aliyehutubu, aliyelaaniwa, alipandishwa cheo. Koko simlaumu, angefanya nini kingine, yeye ambaye hakuwa na kitu zaidi ya mwili wake? Lakini makofi yangu yananiuma mpaka leo.

Tangu siku hizo wakubwa wamebadilika, mji umeingia mikononi mwa wengine, na watu wanauawa vilevile, viti vinapangwa vilevile. Naandamana na wenzangu, koo likikauka kwa kupiga kelele, lakini sasa, kabla sijafungua mdomo, natafuta kwa macho ni nani ameshika majina.

Mama amezeeka na kifua kinamsumbua. Juzi aliniita kando ya kitanda, akaniambia, "Neema, nikikufa, unilaze pembeni ya baba yako." Nikamjibu, "Ndiyo, Mama." Alinipapasa mkono, akageukia ukutani, na wote wawili tulijua kwamba nimemdanganya.