Wapangaji wa Ndani ya Televisheni

Mpaka leo nikipita mahali ngazi za saruji zimetoka kuoshwa kwa maji ya sabuni, na mtu fulani ndani anakaanga vitunguu, miguu yangu hupunguza mwendo yenyewe. Ndiyo harufu ya jengo alimopanga senge yangu mjini Kitale. Na ninyi sitawaficha: hunikumbusha pia jengo jingine ambalo halikuwa na harufu yoyote, kwa kuwa lilikuwa ndani ya televisheni.

Senge ndivyo kwa lugha ya kwetu tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Huyu wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, hakuwa na mume wala mtoto, na aliishi peke yake orofa ya tatu. Kila Agosti baba alinituma kwake kutoka Myanga, kwetu Bungoma, pamoja na mkungu wa ndizi na kuku aliyefungwa miguu, nikae wiki tatu. Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka kumi. Kwetu mlango ulikuwa mmoja na ulishinda wazi. Kitale milango ilikuwa mingi na yote imefungwa, nami udadisi uliniwasha, nikataka kujua nyuma ya kila mmoja kuna nini.

Njoroge, mtoto wa orofa ya kwanza, ndiye aliyekuwa na mashine ya gemu. Mama yake, mwenye duka la nguo, aliifukuza sebuleni kwake akisema inakula stima na akili. Njoroge akaihamishia kwa senge, ambaye alikuwa na televisheni na hakuwa na wa kuitazama naye.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kijana mwenye upanga mgongoni anayezunguka dunia. Watoto wengine walikimbilia vita. Mimi niliganda kwenye mji mmoja, penye jumba la orofa tano ambalo ungeweza kuliingia chumba kwa chumba. Kulikuwa na vitanda, masufuria, paka juu ya kabati, mzee anayesoma gazeti. CD ilikuwa ya kunakiliwa, ya kununuliwa kando ya barabara, na maandishi yake yalikuwa ya nchi ya mbali, kama nyayo za kuku kwenye matope. Hatukuelewa hata neno. Tuliingia, tukafungua makabati, tukachukua dawa na mishumaa, tukatoka. Mlango mmoja tu ulitushinda, wa juu kabisa, orofa ya tano. Niliuota mlango huo. Jumamosi ningerudi Bungoma, na Njoroge, aliyechoshwa na vyumba vyangu, alikuwa ameapa kwamba nikiondoka tu atafuta kila kitu aanze upya, aende vitani.

Jumatano jioni senge alirudi kutoka kazini, akaketi nyuma yetu na ungo wa maharagwe. Tukaingia kwa mama mzee wa orofa ya tatu ya lile jumba la gemu, tukampita, tukafungua kabati lake.

"Nyinyi mnaingia kwa mtu bila hodi?" senge akauliza.

Njoroge akasema si hao ni watu wa TV tu, auntie. Senge akasema mtu ni mtu, na kwake hakuna atakayempekulia mzee kabati kabla ya kumsalimia. Ikawa sheria. Kila mlango tulipiga hodi kwa sauti, sisi wawili kwa pamoja, kisha tukabonyeza kitufe cha kuongea na mwenye nyumba, ndipo tukasogea. Njoroge alinung'unika kwamba gemu yake imegeuka kanisa.

Mimi nilifurahi, kwa sababu senge alianza kututafsiria. Nyayo za kuku zilipojitokeza, aliinua macho kutoka kwenye ungo na kutuambia zimesema nini. Yule wa gazeti analalamikia bei ya mbolea. Mwenye paka anatafuta mchumba, lakini asiwe wa Kimilili. Niliamini kabisa kwamba anasoma. Kwangu karani alikuwa mtu wa kusoma chochote. Ila kwa yule mama mzee, sauti yake ilishuka.

"Anasema anasikia miguu yenu kwa ngazi kila siku, mnapita tu," alisema. "Anasema yeye hupika chai ya watu wawili, halafu anakunywa yote."

Nikamuuliza huyo mama anaumwa nini. Akajibu kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Niliona hilo si jibu.

Tukamsalimia tena Alhamisi. Ijumaa, mara ya tatu, nyayo za kuku zikawa nyingi kuliko kawaida, mlio ukalia, na ufunguo ukatokea kwenye mfuko wa kijana wetu. Njoroge alirukia kochi kwa furaha. Tukapanda hadi orofa ya tano, tukafungua. Kulikuwa na chumba kitupu, kitanda kimoja na dirisha. Basi. Nililia, sioni haya kusema. Senge alisogea karibu na kioo cha televisheni, akalitazama lile dirisha, akasema angalau mama mzee sasa anajua kuna watu.

Nilirudi kwake Agosti mbili zaidi, kisha shule ya bweni ikanimeza, kisha chuo, kisha kazi Nairobi. Mwaka juzi mwenzangu ofisini alinionyesha gemu ileile kwenye kompyuta, safari hii kwa Kiingereza. Nilimwomba anipeleke orofa ya tatu. Mama mzee alikuwa palepale. Alisema lifti imeharibika, tutumie ngazi. Tulipomsalimia mara ya tatu, alisema tuchukue ufunguo tumwache apumzike. Habari ya chai haikuwepo.

Mwenzangu aliniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Senge hakuwa amesoma hata herufi moja. Alikuwa akitueleza habari zake mwenyewe, jioni baada ya jioni, nasi tumempa mgongo, macho kwenye kioo. Na tangu niende bweni sikuwa nimepiga hodi kwake.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye zile ngazi, mkungu wa ndizi begani. Saruji ilikuwa imelowa maji ya sabuni. Nilipanda mbio hadi orofa ya tatu, nikapiga hodi, nikataja jina langu. Sauti yake ikatoka ndani, imezeeka, lakini ni ileile.

"Hao wa chini umewasalimia?"

Sikuwa nimewasalimia. Nikautua mkungu mlangoni pake, nikateremka hadi mlango wa kwanza.